Siku moja na mwanasheria wa malisho: tathmini yangu baada ya mwaka mzima

Marobota 420 ya majani makavu ya mifugo tuliyokuwa tumeyauza yalirudi shambani kwetu siku tisa baada ya kuondoka. Yalirudi jioni, yamepangwa hovyo, kamba nyingine zimekatika, na dereva ameshika karatasi ya mnunuzi: majani yana ukungu, hatulipi, na yale tuliyokwisha kulisha tunataka fidia yake. Nilipanda juu ya lori na tochi, nikafungua robota la kwanza, nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kavu, na harufu ni ile ile tamu ya siku tuliyolifunga. La pili vivyo hivyo. La tano lilinipaka vidole vumbi jeupe na kunikaba koo. Upande wake mmoja ulikuwa umelowa na kukauka tena, upande mmoja tu, kama robota lililolala kwenye sakafu yenye maji. Ghala letu lina mbao za kuinua mzigo, kwa hiyo moyoni sikuwa na shaka kwamba maji yale hayakuwa ya kwetu.

Lakini sikuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Hakuna kipimo cha unyevu cha siku ya kupakia, hakuna sampuli, hakuna hata picha. Mkataba wenyewe ulikuwa ujumbe wa simu niliouandika mimi: "Mzigo ni mzuri sana, daraja la kwanza, njooni mpakie." Tulirudisha malipo ya awali, na robo ya mzigo ule tukaigeuza mboji.

Baada ya hapo nilitafuta huduma ninayoitathmini hapa: ukaguzi wa kisheria wa shamba la malisho. Unatuma nyaraka zako kwanza, mwanasheria anakuja kukaa nawe siku nzima, baadaye unapata ripoti ya maandishi, na kwa miezi sita unaruhusiwa kuuliza maswali kwa simu. Jina lake silitaji, kwa sababu nina malalamiko nayo. Pia ningependa msomaji aweze kuipima huduma ya namna hii popote atakapoikuta. Ada yake ilikuwa sawa na thamani ya marobota 70. Naipa nyota nne kati ya tano, na nyota ya tano nitaeleza ilipotelea wapi.

Aliyekuja alikuwa mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi kwenye maabara ya vyakula vya mifugo kabla ya kusomea sheria. Ukitafuta mtu wa kazi hii, uliza hilo kwanza: amewahi kushika majani? Mimi nilikuwa nimeandaa meza, mafaili na kalamu. Akauliza, "Ghala liko wapi?" Akaenda huko na buti zake, tukamfuata mimi na mume wangu kama wanafunzi.

Ghalani akaniomba nichukue sampuli namna tulivyozoea. Nikafanya kama siku zote: nikachomoa majani kwa mkono kutoka robota moja, nikayatia kwenye mfuko. Akanishika mkono taratibu akasema, "Mama, fungua kiganja uangalie sakafu." Sakafuni, chini ya mkono wangu, palikuwa na majani madogo ya alfalfa (lusini, mmea wa malisho tunaoulima) yaliyopukutika, kijani kibichi, kama chai iliyomwagika. Kiganjani nilibaki na vijiti. Kwenye alfalfa protini nyingi iko kwenye jani, na jani likishakauka hupukutika kwa kuguswa tu. Kwa miaka 11 nilikuwa napeleka maabara vijiti na kuacha mali yangu sakafuni, halafu nanung'unikia majibu.

Alikuwa na bomba la chuma lenye ncha kali, linafungwa kwenye keekee ya kawaida. Akaniambia lisiwe jembamba kuliko sentimita moja wala nene kuliko mbili, na liingie sentimita 30 hadi 60, kupitia kichwa cha robota, katikati. Ukitoboa ubavuni, bomba hupita kwenye tabaka moja au mawili tu ya majani, na hiyo si picha ya robota zima. Marobota yasiwe chini ya 20, yateuliwe bila kuchagua yenye sura nzuri, na yote yawe ya shamba moja na mkato mmoja. Mkato wa kwanza haukai fungu moja na wa pili, hata kama kwa macho vinafanana. Tukatoboa 20. Kazi nzima ilichukua dakika 35. Nilizihesabu, kwa sababu siku zote nilikuwa nasema hatuna muda wa mambo hayo.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lililolipa ada yote. Yale majani yaliyotoka kwenye bomba akayamwaga kwenye karatasi safi, akayachanganya, akayagawa sehemu tatu, akayatia kwenye mifuko mitatu ya plastiki, akaondoa hewa, akafunga kwa utepe na kuandika juu ya utepe: fungu, shamba, tarehe ya kukata, tarehe ya kuchukua. Mfuko wa kwanza ni wa maabara, wa pili wa mnunuzi, na wa tatu unabaki kwangu ukiwa na saini ya mnunuzi au ya dereva wake juu ya utepe. Pakitokea ugomvi, mfuko wa tatu hufunguliwa mbele ya wote wawili, au hupelekwa bila kufunguliwa kwenye maabara ambayo mliitaja kwa jina tangu mwanzo. Akasisitiza kuitaja maabara. Maabara mbili nzuri huweza kutofautiana kidogo kwa majani yale yale, na watu wamefikishana mahakamani kwa pointi moja ya protini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu ilipotea na habari tulikuwa nayo, ila haikuwa na saini.

Habari ya unyevu tuliizungumza kirefu, na inastahili. Nilidhani unyevu ni suala la ukungu tu. Yeye aliuweka pamoja na bima. Majani yaliyofungwa yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 20 hupata joto lenyewe kwa kazi ya bakteria na kuvu, na marobota makubwa yanahitaji kufungwa yakiwa makavu zaidi ya hapo, asilimia 15 hivi, kwa kuwa joto la katikati halina pa kutokea. Joto likifika nyuzi 65 unapaswa kulipima kila siku. Likifika 80 unawaita zimamoto kabla ya kuvuta robota hata moja, kwa sababu hewa inayoingia ndiyo huwasha. Hayo mkulima mzoefu anayajua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba hati yetu ya bima ilikuwa na sharti la "uangalifu wa kawaida katika kuhifadhi", na kwamba ghala likiungua, swali la kwanza la mtu wa bima litakuwa: uliyafunga yakiwa na unyevu kiasi gani, na nani alipima? Aliisoma ile hati kwa sauti, mstari kwa mstari, mume wangu akiwa amekaa juu ya robota, na tulipofika kwenye lile sharti tulitazamana. Kipima unyevu tunacho, kile cha sindano ndefu. Hatukuwahi kuandika hata namba moja.

Sasa mkataba. Hapo ndipo nilipotarajia msaada mkubwa, nikapata nusu. Nusu niliyoipata ni hii. Alichukua ujumbe wangu wa simu akauchambua neno kwa neno. "Daraja la kwanza" ni la nani? Kama hukutaja kipimo, kila mtu ana daraja lake. Akaniuliza kama nilijua mnunuzi anayataka ya nini. Nilijua, ya farasi. Akasema basi nilikuwa nimebeba mzigo mkubwa kuliko nilivyodhani. Sheria nyingi za mauzo humbana muuzaji aliyeambiwa kusudi la mnunuzi: bidhaa lazima ifae kwa kusudi hilo, hata kama hukuandika popote kwamba itafaa. Akanionyesha mfano kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya bidhaa ya kimataifa, uliopitishwa Vienna mwaka 1980, kifungu cha 35. Huo unahusu mauzo kati ya nchi na nchi, lakini alisema wazo lake utalikuta katika sheria za ndani za nchi nyingi, na akaniandikia za kwetu zinasemaje.

Vifungu vya 38 na 39 vya mkataba huo ndivyo vilivyonifanya niweke chini kikombe. Mnunuzi anatakiwa kukagua mali haraka iwezekanavyo, na akiona kasoro atoe taarifa ndani ya muda unaofaa, akitaja kasoro ni ya namna gani. Akikaa kimya anapoteza haki ya kulalamika. Nikamuuliza, siku tisa? Akasema majani makavu si mashine. Yakishaingia ghala la mtu mwingine, kila siku inayopita inaongeza sababu za ukungu zisizo zako. Kwa hiyo andika siku mwenyewe. Tukaandika: kasoro zinazoonekana kwa macho, harufu au kipima unyevu zitajwe kabla lori halijamaliza kushushwa. Zinazohitaji maabara zitajwe ndani ya siku saba, kwa kutumia mfuko wa pili au wa tatu, si kwa majani yaliyookotwa ghalani mwake.

Yapo na mengine tuliyoandika siku hiyo: uzito utapimwa kwenye mizani ipi, lori likiwa tupu na likiwa limejaa, hatari ya mzigo kuharibika inahama kwangu kwenda kwake saa ngapi, likipakiwa au likishushwa, turubai ni la nani. Na moja ambalo nalipenda hadi leo: badala ya kukubali au kukataa mzigo mzima, tuliweka jedwali. Protini ikipungua kwa pointi moja, malipo yanashuka kiasi fulani; ikishuka chini ya kiwango cha mwisho, ndipo anaruhusiwa kurudisha. Namba zote zihesabiwe kwa uzito mkavu. Hilo la uzito mkavu mtu asilione dogo. Majani yale yale yakisomwa na maji yake huonekana na protini ndogo kuliko yakisomwa bila maji, na ukimwachia mnunuzi achague usomaji, atachagua unaomfaa.

Nusu niliyoikosa: kielelezo cha mkataba kilichokuja na ripoti kilikuwa cha nafaka. Kilitaja "magunia" mara nne. Kilikuwa na kifungu cha punje zilizovunjika, na hakikuwa na neno lolote juu ya ukungu wala kamba. Yale tuliyoyaandika mezani siku ile yalikuwa bora kuliko kile kilichochapwa. Huduma inayotoza ada kwa jina la malisho iwe na mkataba wa malisho. Nilipouliza kwa simu, walinirekebishia baada ya wiki mbili, bila malipo ya ziada, na nawashukuru kwa hilo. Lakini mkulima asiyesoma kwa makini angekitia saini kama kilivyo.

Mchana, baada ya kula, akaomba daftari la dawa. Nililileta kwa kujiamini, kwa sababu sisi tunaandika. Akasoma: "Dawa ya magugu, shamba la chini." Akauliza ipi. Nikataja jina la dawa kwa kumbukumbu. Kiasi gani kwa hekta? Tarehe gani? Shamba lilikatwa siku ya ngapi baada ya kupigwa? Na majani hayo yalikwenda kwa nani? Kwa maswali matano nilijibu moja.

Hakunikaripia. Alitoa chupa tupu kwenye pipa letu, akafuta vumbi kwenye lebo na kidole, akanionyesha mistari niliyokuwa sijawahi kuisoma kwa kuwa imechapwa kwa herufi ndogo kama sisimizi: siku ngapi usikate majani baada ya kupiga, siku ngapi usilishe, na kwamba majani hayo yasitengenezwe mboji. Marekani kila lebo hubeba onyo kwamba kuitumia dawa kinyume cha lebo ni kuvunja sheria ya shirikisho. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 183 ya mwaka 2005 inamtaka hata mkulima wa kawaida wa chakula cha mifugo atunze kumbukumbu za viuatilifu alivyotumia. Mahali pengine hutumika maneno tofauti, lakini karibu kila nchi yenye sheria ya viuatilifu huipa lebo uzito.

Kisha akanisimulia kilichotokea Uingereza mwaka 2008, na hadithi hiyo bado inanitembelea usiku. Kuna kiuagugu kiitwacho aminopiralidi. Kinaua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi salama, kwa hiyo wenye malisho hukipenda. Ng'ombe akila nyasi hizo hadhuriki, lakini dawa inapita tumboni mwake karibu ilivyo na kutokea kwenye samadi. Watu walichukua samadi hiyo wakaiweka kwenye bustani, na nyanya, maharage na viazi vyao vikaota majani yaliyojikunja kama ngumi. Uuzaji wake ukasimamishwa mwaka huo, na iliporudi baadaye ilirudi na masharti makali. Mkulima wa bustani hakuwahi kuiona chupa. Mwenye ng'ombe labda naye hakuiona. Aliyeijua ni mtu mmoja tu, aliyelima majani, na kama hakumwambia mnunuzi, mnyororo wote ulikatikia kwake. Nikakumbuka ile robo ya mzigo tuliyoigeuza mboji na kuigawia majirani. Nilikwenda kuwauliza mmoja mmoja juma lile lile. Mboga zao zilikuwa salama, lakini nilikuwa nimewagawia kitu nisichokijua, na hilo sikulipenda kwangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo kila fungu lina karatasi yake inayosafiri na mzigo: dawa, kiasi, tarehe ya kupiga, tarehe ya kukata, na mstari mmoja chini kuhusu samadi, iwe inafaa kwa bustani au haifai. Mnunuzi anatia saini kwamba ameisoma.

Mambo ya mbegu, mipaka na barabara yalipita haraka. Akauliza kama tunatunza lebo za mifuko ya mbegu. Hatukuwa tunatunza. Aina mpya za mimea hulindwa kisheria, na nchi nyingi zimefuata mkataba wa UPOV (muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea) wa mwaka 1961, ambao toleo lake la 1991 humpa mwenye aina ulinzi wa miaka isiyopungua 20. Maana yake ni kwamba kumkatia jirani vipandikizi vya nyasi iliyosajiliwa huenda ukahitaji ruhusa, hata kama unampa bure. Kwa alfalfa kuna jingine. Ipo iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili kiuagugu kiitwacho glifosati, na nyuki wanaobeba chavua hawajui mpaka wa shamba. Marekani iliruhusu alfalfa hiyo mwaka 2005, mahakama ikasimamisha upandaji 2007, Mahakama ya Juu ikatengua zuio 2010, na ruhusa kamili ikarudi 2011. Mwaka 2013 mkulima mmoja wa jimbo la Washington alikataliwa majani yake na msafirishaji kwa kukutwa na chembe za vinasaba hivyo, na serikali ikasema hilo ni la kumalizana sokoni, si la sheria. Mwaka uliofuata China ilianza kuzuia shehena kwa sababu hiyo hiyo. Ushauri wake ulikuwa mfupi: mnunuzi akitaka "isiyobadilishwa vinasaba", usiahidi kwa mdomo. Mwambie kipimo gani, kiwango gani, na lebo ya mbegu umeishika.

Kuhusu magonjwa alisema jambo ambalo nadhani kila anayefikiria kuuza nje alijue kabla hajakodi kontena: majani makavu huweza kubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo kwa wiki nyingi, ndiyo sababu Umoja wa Ulaya unapokea majani na mabua kutoka nchi zilizo kwenye orodha yake tu. Ubora wa majani yako haukuingizi kwenye orodha hiyo. Na kuhusu mbegu za magugu, akaeleza kwamba misitu mingi ya taifa ya Marekani hairuhusu kuingia na majani ya farasi yasiyo na cheti cha kutokuwa na magugu vamizi, na mkaguzi hutembelea shamba likiwa bado limesimama, ndani ya siku 10 kabla ya kukata. Ukishafunga robota, umechelewa. Nilipenda mantiki hiyo.

Kwa barabara alitazama tu namna tunavyofunga mzigo na kutikisa kichwa. Kiwango cha Ulaya kinataka kamba zistahimili msukumo wa asilimia 80 ya uzito wa mzigo kwenda mbele, na 50 kando na nyuma. Zetu zilikuwa zinashikilia turubai tu.

Sasa nyota iliyopotea.

Maji aliyagusa kwa dakika tano. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye fomu yao kabla ya ziara kwamba swali langu la kwanza ni maji, kwa kuwa alfalfa inakunywa sana na kibali chetu cha kisima kinakaribia kuisha. Alisema "fuatilieni kibali mapema", akapita. Hilo halitoshi kwa biashara hii. Saudi Arabia iliamua kupunguza hadi kuacha kilimo cha malisho mabichi ili kuokoa maji yake ya ardhini. Arizona mwaka 2023 ilisitisha ukodishaji wa ardhi ya jimbo katika Butler Valley, ambako kampuni ya kigeni ilikuwa ikilima alfalfa ya kusafirisha. Popote maji yanapoanza kuwa haba, macho huelekea kwenye malisho kabla ya mazao mengine, kwa sababu wanaosema "hayo ni majani tu" ni wengi. Nilitaka anisomee kibali changu kama alivyosoma bima. Ninazo haki gani nikiambiwa nipunguze? Nikiuza shamba, kibali kinakwenda na shamba au kinabaki kwangu? Jibu nililipata baadaye kwa wakili mwingine, kwa ada nyingine.

Ripoti pia ilichelewa. Waliahidi siku 14, ikaja siku ya 41, tukiwa tumeshauza mkato mzima uliofuata kwa kutegemea maandishi yetu ya mezani. Shamba la majani haliwezi kusubiri. Siku za kukata zikifika zimefika. Kama huduma inajua inafanya kazi na wakulima, ratiba yake ifuate mikato.

Na kuna jambo la tatu, dogo kwa wengine, si kwangu. Hakuniuliza kuhusu mende wa malengelenge, na tumeshakubaliana kwamba mnunuzi wetu ana farasi. Mende hao hujikusanya kwenye alfalfa iliyochanua. Mashine inayokata na kuponda mashina kwa pamoja huwaponda na wao, na sumu yao, kantharidini, hubaki kwenye majani hata yakikauka. Inaua farasi. Mwanasheria aliyetoka kuniambia kwamba najibika kwa kusudi la mnunuzi alipaswa kuiona hatari hiyo kabla yangu. Niliiongeza mwenyewe kwenye karatasi ya fungu: tumekata kabla ya kuchanua, bila kuponda, na tumekagua. Vivyo hivyo naitreti, ambayo ikizidi kwenye malisho ni sumu kwa mifugo. Nyasi zilizopigwa na ukame, hasa za jamii ya mtama, huweza kujaza naitreti kwenye shina, na kukausha hakuipunguzi, tofauti na saileji (malisho mabichi yanayofungiwa bila hewa yachache) ambako hupungua wakati wa kuchacha. Tunapima sasa kila mkato uliopitia kiangazi. Nilipowapigia kuwaeleza, walinisikiliza na kusema wataiweka kwenye orodha yao. Nawaamini, kwa sababu kwenye simu ndipo walipokuwa wazuri kuliko kote. Kwa ile miezi sita nilipiga mara nane, na mara saba nilijibiwa siku hiyo hiyo, na mtu yule yule aliyekanyaga ghala langu.

Nani aichukue? Kama unamuuzia jirani mnayekutana kila asubuhi, na mkigombana mnasuluhishwa na wazee, ada hiyo nunulia turubai jipya na kipima unyevu. Ukianza kumuuzia mtu usiyeijua sura yake, au mwenye farasi, au mwenye maziwa anayepimwa mabaki ya dawa, ichukue. Lakini tuma maswali yako matatu makubwa kwa maandishi, na uwaambie kabla ya kulipa kwamba unataka kila moja lijibiwe kwa kusomewa hati yako mwenyewe. Na uombe kuona kielelezo cha mkataba kwanza. Ukikuta magunia, uliza.

Mwezi uliopita mnunuzi mmoja mpya alipiga simu siku ya sita. Mzigo hauna protini tuliyokubaliana, alisema, maabara yake imempa asilimia 12. Zamani ningeanza kupandisha sauti. Nilimuuliza alipima mfuko gani. Akanyamaza kidogo, akasema alichukua kiganja kimoja kutoka robota la mlangoni. Nikamwomba tupeleke mfuko wa tatu, ule wenye saini ya dereva wake, kwenye maabara tuliyoitaja. Akakubali. Majibu yalikuja na asilimia 14.2 kwa uzito mkavu. Mkataba ulisema 15. Kwa hiyo hakuwa amekosea kabisa, na mimi sikuwa sahihi kabisa: mashine yetu ilikuwa imepita juu ya mkato ule jua likiwa kali mno, na majani madogo mengi yalipukutika yakabaki shambani. Tulifungua jedwali, tukashusha malipo kama lilivyoandikwa, na akalipa kilichobaki jioni hiyo hiyo. Hakuna robota lililorudi. Siku hizi mume wangu huanza kukusanya alfajiri, umande ukiwa bado unalishika jani.